Namba Tisa

Vilikuja ishirini na vinne, vingali ndani ya nailoni.
Ufunguo wa kabati nilipewa mimi
"kwa kuwa simu yako ni ya tochi, Mwalimu Salome, hutatamani,"
alisema Mkuu, akacheka peke yake,
kisha akanisainisha: kitakachopotea, mshahara wangu.

Usiku mitatu nilikaa navyo ofisini, Mbagala ikinguruma nje,
nikiviamsha kimoja kimoja:
lugha, saa, jina la shule,
nywila moja kwa vyote (jina la paka wa mpishi, usiniulize).
Kamera nikafunga. Michezo nikafunga.
Nilitafuta pa kuifungia njaa ya saa nne,
sikupaona.

Migongoni nikaandika namba kwa rangi ya kucha ya binti yangu.
Nyekundu. Ikaning'ang'ania vidoleni wiki nzima,
darasa likanong'ona kuwa mwalimu anaolewa tena.

La tano asubuhi wako mia na nane, mchana mia na mbili.
Mmoja ashike, mmoja abofye, mmoja asome kwa sauti,
wa nne ahesabu zamu, na wa tano, akiwepo, apepee kwa daftari,
maana kishikwambi kikipata joto huzima bila kuaga.

Kanuni ya kwanza niliibandika ukutani: OSHA MIKONO.
Ubuyu haujui kusoma.
Kila Ijumaa nafuta vioo kwa kipande cha kanga kuukuu,
vidole vyekundu vinaondoka
na sijui kilichofutika ni cha nani.

LUKU ikiisha usiku, asubuhi vinaamka nusunusu,
hiki sitini, hiki kumi na moja,
nami nagawa asilimia
kama mama mwenye samaki mmoja na sahani saba.

Sasa, namba tisa.

Kwenye ubao wa kuchorea nilikuta kiatu,
kidole gumba kikichungulia mbele.
Mwanamvua Pazi, wa asubuhi; namjua kwa mistari yake mizito.
Mchana mtu akakiongezea mguu.
Kesho yake mguu ukapata goti, na goti likapata kidonda,
na kidonda kikapata nzi, aliyechorwa vizuri kuliko vyote.
Halafu maneno:

wewe nani
wa mchana
mchana kuna joto?
sana. mkitoka acheni dirisha wazi

Nikakaa chini.
Wiki mbili nimemfokea Mzee Kibwana, mlinzi wa watu,
kwa dirisha linalokutwa wazi kila saa sita na nusu.

Wa mchana ni Erasto Haule. Huyu hajibu swali darasani,
nimemwandikia "hashiriki" kwenye ripoti, mara mbili,
kwa kalamu.

Ikaja barua ya wilaya: muhula unaisha, vifutwe vyote,
virudi kama vilivyotoka kiwandani.
Ni haki. Ndivyo vinavyotunzwa vitu vya wengi.
Nikafuta cha kwanza hadi cha nane,
kila kimoja kikiniuliza, una uhakika?
Nina uhakika. Nina uhakika.
Nikaruka. Nikaendelea na cha kumi.

Daftarini nimeandika: Na. 9, betri, inasubiri fundi.
Ni uongo wangu wa kwanza kwenye daftari lile
na mwandiko umetulia kuliko kawaida.

Muhula mpya nimekigawa kama vingine, betri nzima, nzi yumo.
Saa sita na nusu nasimama getini.
Wanaotoka na wanaoingia wanasukumana,
Mwanamvua na mkoba usio na zipu,
Erasto anakimbia, kachelewa,
bega lake linaligonga bega lake,
"Angalia!" anafoka binti, na hageuki.

Mimi hapo, na ufunguo mfukoni,
na nywila ya kila kitu mdomoni.